Kitufe cha TOA

Shuka lenyewe halikuwa la maana. Lilikuwa jeupe, limechoka, na pembeni lina kiraka cha buluu ambacho mama alikuwa amemaliza kukishona mchana ule ule, akilalamika peke yake kwamba kitambaa cheupe kimemwishia. Alilikunja mara nne, akalitia kwenye mfuko, akamkabidhi binti yake pale mlangoni, jua likiwa linaelekea kuzama.

"Ni la yule bibi wa beseni," alisema. "Aliniachia, na sasa wiki ya tatu hajapita. Si huwa anafulia watu wa upande wa kazini kwako? Ukimwona mpe. Na umwambie aniwie radhi kwa hicho kiraka."

Binti aliupokea mfuko huku anatazama saa. Kazini walimwita Macho, na hata mtaani jina lilishaanza kumganda, maana katika ghorofa yao nzima hakukuwa na mtu wa kutazama video nyingi kwa siku kama yeye. Huyo bibi wa beseni alikuwa hajawahi kukutana naye. Bibi alikuwa akipita nyumbani jioni, na jioni Macho huwa kazini. Alimjua kwa masimulizi ya mama tu: kwamba huimba anapofua, kwamba hurudisha hata kifungo kilichodondoka, na kwamba nguo ya mtu ikimchanikia mkononi haifichi, huileta kwa mama ishonwe kabla mwenyewe hajaidai.

Akaondoka zake. Alikuwa amechelewa, kama kawaida.

Sasa, kazi yenyewe. Macho alikuwa mkaguzi katika mtandao mmoja wa video, ile mitandao ya pembeni inayopokea waliofukuzwa kwingine. Kwingine ukimtangaza mtu kuwa mwizi bila ushahidi unafungiwa; hapa unakaribishwa kwa mikono miwili. Ukutani walikuwa wameandika kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA ANAYEZIBWA MDOMO. Maneno matamu kweli kweli. Lakini serikali iliwataka wawe na watu wa kukagua, basi wakatafuta watu kumi na wawili, wakawapa ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi, wakawapa viti vyenye sponji lililotoka nje, wakawaambia wakague. Na wakague kwa kasi: kila video itazamwe kwa mwendo wa mara mbili, bila sauti, usizidishe dakika moja. Mtu anatukanwa, analia, anaomba, wewe unaona mdomo tu unavyochezacheza. Hiyo ndiyo waliyoiita kazi.

Alipofika kwenye kona ya duka la rangi, taa za barabarani zilikuwa hazijawashwa. Mwenye duka alikuwa anashusha mlango wa chuma.

Na hapo pembeni mwa lango, alisimama bibi mmoja, beseni kichwani.

Macho alifurahi. Ukubwa wa beseni, mgongo ulioinama kidogo, mikono iliyokwajuka kwa maji, nani mwingine? Akamsogelea.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia.

Macho alidhani hajasikia. Alirudia kwa sauti zaidi, akajieleza kwamba yeye ni binti wa fundi cherehani, na kwamba ametumwa shuka. Bibi alinyoosha mkono, akaupokea mfuko. Vidole vyake viligusa vya Macho. Vilikuwa baridi... baridi ya kitu kilicholala majini usiku kucha. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye beseni hadi begani, na hakuyapangusa. Alinukia sabuni. Na chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, ya nguo iliyoungua.

"Mama anasema umwie radhi kwa kiraka," Macho alisema, akirudi nyuma hatua moja bila kujua kwa nini.

"Mwambie nitapita mwenyewe." Sauti ilikuwa ya upole. Halafu bibi akainua uso kulitazama jengo, ghorofa kwa ghorofa, mpaka ya tatu. "Mwanangu, hapa ndipo mnapotoa watu?"

Macho alicheka kidogo. Mama bila shaka alikuwa amejisifu kwa wateja kuhusu kazi ya bintiye, kwamba anatoa uchafu mitandaoni, anawatoa watu midomoni mwa wabaya. "Ndiyo, bibi. Ndio sisi tunaotoa."

"Basi nimefika."

Mlango wa chuma wa duka uligonga chini kwa kishindo. Macho aligeuka kutazama. Alipogeuka tena, pembeni mwa lango palikuwa na alama ya maji tu chini, duara, ukubwa wa beseni.

Alipanda ngazi mbili mbili.

*

Bwana Kasi, msimamizi wao, alikuwa ameshaanza. Jina alilipata kwa sababu kila sentensi yake ilikuwa na neno hilo, na kila zamu ilifunguliwa kwa swali lile lile: "Jana tumetoa ngapi?" Mtu akitaja idadi kubwa, anapigiwa makofi. Jioni hiyo, kama jioni zote za wiki tatu zile, aliyepigiwa makofi alikuwa Macho. Bwana Kasi alisema mkono wake una baraka. Tangu mfumo uboreshwe, watazamaji wameongezeka maradufu.

Macho aliketi. Hakujiuliza ni vipi mtu anayeondoa video aongeze watazamaji. Kwa hilo alijilaumu baadaye, na ana haki ya kujilaumu.

Kushoto kwake alikaa Mwalimu, mtu mzima aliyefundisha lugha miaka ishirini kabla shule yake haijafungwa. Alikuwa na mzaha kwa kila jambo. Alimwuliza kama amekimbizwa na mbwa, maana anahema. Macho alimwambia amekutana na bibi wa ajabu hapo chini, Mwalimu akasema mabibi wote ni wa ajabu, amwulize yeye aliyelelewa na watatu.

Video ya kwanza ilikuwa ya mtu anauza dawa ya kuongeza urefu. Ya pili, matusi. Ya tatu ilikuja na alama nyekundu pembeni: *imeripotiwa mara nyingi*. Macho aliifungua kwa mwendo wa mara mbili, bila sauti.

Ua mdogo. Kamba ya nguo. Jioni. Mwanamke mzee ameinama kwenye beseni, anainuka, anaanika, anainama, anainuka. Aliyepiga picha alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa matofali.

Aliikumbuka. Ilikuwa imempitia wiki tatu nyuma, siku ile ile mfumo mpya ulipoingia. Vitufe vya zamani viliitwa ONDOA na ACHA. Jioni moja wakakuta vimebadilishwa, sasa kimoja TOA na kingine SHIKA, hakuna semina, hakuna maelezo, ujumbe tu wa *Mfumo umeboreshwa, chapeni kazi*. Na video hii ilikuwa na barua fupi ya binti aliyeiripoti: *Huyu ni mama yangu. Wanamwita mchawi kwa sababu anaimba akifua. Wanasema anaroga watoto kupitia nguo zao. Wanataka kumuua. Nawaomba muiondoe.* Macho alikuwa ameisoma mara mbili, akavunja sheria ya dakika moja, akabonyeza TOA kwa nguvu. Aliporudi usiku ule alimwambia mama yake kwa furaha, wakiwa wanakula: "Leo nimemtoa bibi mmoja."

Kwa hiyo kwa nini video ipo?

Alishuka kwenye ripoti. Zilikuwa zimepangwa kwa tarehe.

Ya siku ya pili: *Mbona mmeitoa? Sasa kila mtu ameiona.*

Ya siku ya nne: *Wamekuja jana jioni. Wamechoma nyumba. Mama hayupo tena.*

Baada ya hapo aliyeripoti hakuwa na jina. Ripoti moja kila siku, saa kumi na mbili na robo jioni, bila kukosa. Neno moja.

*Nitoe.*

*Nitoe.*

*Nitoe.*

Juu ya video palikuwa na idadi ya waliotazama, tarakimu saba, na ya mwisho ilikuwa inabadilika huku Macho anaitazama. Alivaa vile vidubwasha vya masikioni, ambavyo vilikuwa vimejaa vumbi kwa kutotumika. Alirudisha video mwanzo. Akaiweka mwendo wa kawaida.

Kwa mara ya kwanza akamsikia.

Bibi alikuwa anaimba taratibu, wimbo usio na maneno, wa kumsindikiza mtu kazini. Karibu na kipaza sauti kulikuwa na mwanamume ananong'ona, akihema: "Mnamwona... mnamwona huyo... anaongea na nguo za watoto wetu..." Na katikati, nguo mbichi zikipigwa jiweni.

Pwaa.

Pwaa.

Bibi alichukua shuka kutoka kwenye beseni. Akalikung'uta. Akalitandaza kwenye kamba, na upepo ukalijaza.

Pembeni mwa shuka kulikuwa na kiraka cha buluu.

Macho alikisogelea kioo. Kiraka kile kilishonwa mchana huu. Alikiona kwa macho yake kikishonwa, mama akilalamika. Video ilikuwa ya wiki tatu.

Mwanamke kwenye kioo aliacha kuimba. Aligeuka taratibu, akamtazama aliyepiga picha, hapana, akampita aliyepiga picha, akamtazama Macho. Ulikuwa uso ule ule wa pale langoni. Maji yalikuwa yanamtiririka begani.

"Mwanangu," alisema. "Nitoe."

*

Macho alivua vidubwasha. Chumba kilikuwa kama kilivyo: watu kumi na wawili, feni moja, vidole vikigonga. Harufu ya sabuni ilikuwa imekijaza, na hakuna aliyenusa.

Alimshika Mwalimu mkono. Alimnong'oneza kwamba kuna video aliitoa wiki tatu zilizopita na bado ipo. Mwalimu akataka kufanya mzaha, akaona uso wake, akaacha. Akatazama meza.

"Ulibonyeza nini?"

"TOA. Si nimekwambia niliitoa?"

"Binti yangu." Mwalimu aliishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Mtu hutoa taka. Na mtu hutoa gazeti. Neno ni hilo hilo."

Macho alimtazama.

"Hapa TOA ni ya gazeti," Mwalimu alisema. "Ukitoa, inakwenda hewani. Ukishika, inazuiliwa. Niligundua siku ya tano."

Siku ya tano. Macho alihesabu bila kutaka. Wiki tatu, mamia ya video kwa zamu moja. Kila uchafu alioukusudia kuuondoa alikuwa ameusukuma nje kwa kidole chake mwenyewe, na kila harusi, kila mtoto anayecheza, kila mkulima anayeonyesha mahindi yake, alikuwa amevifungia akidhani anavihifadhi. Ndiyo baraka ya mkono wake. Ndiyo makofi yote yale.

Alimwuliza kwa nini hakumwambia. Mwalimu alijibu kwamba alimwambia Bwana Kasi, na Bwana Kasi alimwambia afunge mdomo kama anaipenda kazi yake. Alijibu akiwa ameinamisha kichwa. Miaka ishirini alikuwa amewafundisha watoto wa watu maana za maneno, na lilipokuja neno moja lenye uhai wa watu ndani yake, akalimeza.

Hapo hasira ikampanda Macho. Si ile ya kupiga kelele. Ilikuwa hasira inayoanzia miguuni, ikamfanya asimame bila kusukuma kiti, akavuka chumba, akafungua mlango wa ofisi ya Bwana Kasi bila kubisha hodi.

Bwana Kasi alikuwa amekaa akitazama michoro ya watazamaji. Kwenye kona ya ofisi kulikuwa na beseni, na juu yake dari ilikuwa inadondosha maji. Tii... tii... Akaona Macho analitazama, akasema dari imeanza kuvuja tangu wiki tatu hivi na fundi haoni bomba lililopasuka. Mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Macho alimwambia yote kwa mkupuo: barua ya binti, kitufe, nyumba iliyochomwa. Bwana Kasi alisikiliza kama anayesubiri mtu amalize kupiga chafya.

"Nani alitafsiri vile vitufe?" Macho aliuliza.

"Mimi. Toa ni toa. Kutoa kitu hewani. Mtu yeyote anajua."

"Na ulipojua kwamba hatujui?"

Bwana Kasi aliinua mabega. Alieleza, kwa utaratibu, kwamba mwanzo alitaka kurekebisha, lakini idadi ilipanda siku ile ile, na makao makuu wakampigia kumpongeza. Sasa wewe ungebadilisha neno? Wakubwa wanapenda video za moto. Mambo ya wachawi yanatazamwa kuliko mpira.

Macho alimwambia aifute. Sasa hivi.

"Huku hakuna kufuta," alisema, kwa fahari kabisa. "Ndiyo tofauti yetu na wale wengine. Kuna kutoa na kuna kushika, na unachokishika nacho kinatoka chenyewe baada ya siku thelathini."

"Bwana Kasi, mmemuua yule bibi."

"Kidole kilikuwa chako."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayemkumbusha mtu mwavuli. Na kilichomchoma Macho ni kwamba ilikuwa kweli, au nusu ya kweli, ile nusu inayouma. Alitaka kuushika mchoro wake wa watazamaji amlishe. Alitaka kumsomea barua ya yule binti mpaka aikariri. Badala yake alijikuta anamwuliza, kwa sauti ya chini, kitu kilichomjia wakati huo huo.

"Nyumbani kwenu, mtu akipata mali ghafla, watu huuliza nini?"

Bwana Kasi alikunja uso.

"Huuliza amemtoa nani," Macho alisema. "Amemtoa kafara mama yake, amemtoa mwanawe. Wewe kila jioni unasimama mbele yetu unauliza tumetoa ngapi. Na sisi tunajibu. Tunapigiana makofi."

Kwenye kona, maji yaliacha kudondoka.

Bwana Kasi aligeuka kulitazama beseni. Uso wake ulibadilika rangi. Macho alipofuata macho yake, aliona ndani ya maji yale kitu cheupe kimelowa, kimekunjwa mara nne, na pembe yake moja ya buluu ikielea juu. Hakungoja kuona zaidi. Nyuma yake, alipokuwa anatoka, alimsikia msimamizi akisema taratibu, "Nani ameweka hii hapa? Nani ameingia humu?"

*

Kwenye meza yake video nyingine ilikuwa imeshafunguka yenyewe. Foleni haimsubiri mtu, ukiinuka, inasonga.

Ilikuwa imewekwa jioni hii. Kichwa chake: *MSHIRIKA WA MFUA NGUO APATIKANA.*

Dirisha. Pazia la maua, upande mmoja umefungwa kwa kipande cha uzi. Nyuma ya pazia, mwanamke ameinamia cherehani, mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa cheupe. Amevaa gauni la kijani.

Mama.

Gauni lilelile alilolivaa leo. Aliyepiga picha alikuwa amesimama uchochoroni, hatua tano kutoka dirishani, mchana kweupe. Macho alivaa vidubwasha. Mhemo ule ule, mnong'ono ule ule: "Yule aliisha... lakini nguo zake alikuwa anazileta huku... mnaona anachoshona?... mnaona hicho kiraka?... mtaa mnaujua... jioni hii..."

Chini ya video, hesabu ilikuwa inashuka. Sekunde kumi. Zikiisha bila mkaguzi kuamua, video inatoka yenyewe.

Tisa.

Nane.

TOA. SHIKA. Macho alikuwa anavijua vitufe vile kuliko vidole vyake, na wakati ule havikuwa na maana hata moja. Toa ni nini? Toa taka, toa gazeti, toa mama. Mkono ulikuwa umezoea. Mkono kwa wiki tatu ulikuwa umefundishwa kwamba ukiona kibaya unabonyeza kushoto, na ulikuwa unakwenda kushoto wenyewe.

Tano.

Kitu cha baridi kilimshika kifundo cha mkono. Hakikuwa kikali. Kilikuwa kimelowa, kikamvuta mkono polepole kwenda kulia.

"Shika, mwanangu."

Alibonyeza SHIKA. Hesabu ikasimama kwenye tatu. Aliachia pumzi, akainua kidole afute jasho.

Mbili.

Alikirudisha kwa kishindo. Ikasimama.

Alijaribu tena, kidogo tu, unywele. Hesabu ikacheza. Moja ilianza kujichora, akabana. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake sasa, ameona yote. Alisema haijawahi kuwa hivyo, ukishabonyeza mara moja inatosha. Macho alimwambia anyamaze. Alimwambia kwa miaka ishirini yote aliyofundisha na siku zote alizonyamaza, safari hii anyamaze kwa faida, achukue simu ya Macho mfukoni mwa koti, amtafutie *Mama*, amwekee sikioni.

Mwalimu alifanya hivyo.

Simu iliita. Iliita. Kutoka ofisini kwa msimamizi kulikuwa na sauti ya nguo mbichi ikipigwa kwenye kitu kigumu, pwaa, pwaa, na sauti ya Bwana Kasi haikusikika tena. Watu wote kumi na wawili walikuwa wameacha kugonga. Hakuna aliyeinuka kwenda kufungua ule mlango.

"Haloo?" Mama alikuwa anatafuna kitu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Macho alimwambia asiulize. Atoke nyumbani sasa hivi, mlango wa uani, asiwashe taa, asichukue chochote, aende kwa shangazi. Watu wanakuja.

"Kumbe ndiyo maana," mama alisema. "Nasikia makelele huko barabarani nikadhani ni mpira. Na huyu naye ananihimiza hivyo hivyo."

"Nani?"

"Si bibi wa beseni. Amepita mwenyewe, amekaa hapa mlangoni amelowa chapachapa, nimempa kanga ajifute hataki. Anasema umemtuma wewe." Mama alicheka, kicheko kifupi cha wasiwasi. "Nimemwambia asubiri nivae viatu, anasema hakuna muda. Ameshanishika mkono. Ana mkono wa baridi huyu mama, mh."

"Mama. Amesema amekuja kufanya nini?"

Ncha ya kidole ilikuwa imeshakufa ganzi juu ya kitufe. Kwenye kioo, nyuma ya pazia la maua, cherehani ilikuwa imesimama na kiti kilikuwa kitupu. Kutoka upande wa pili wa simu Macho alisikia mlango ukisukumwa, watu wengi wakiongea kwa pamoja kwa mbali, na karibu kabisa na simu, mtu akiimba wimbo usio na maneno.

"Anasema amekuja kunitoa," mama alisema.

Kisha maji. Maji tu.